Msumeno wa umeme wa mkononi ukisumbua, anzia nje

Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea, msumeno wangu wa umeme ulizima katikati ya ubao wa mninga. Nikabonyeza swichi mara nne, kimya. Nikautia kwenye kiroba, nikapanda daladala hadi kwa fundi wa mashine. Yule bwana akautikisa, akaunusa, akasema amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, imeungua, lazima isukwe upya. Nikalipa, na zilikuwa hela za kitanda kizima. Siku tatu baadaye nimerudi karakana, nachomeka: kimya vilevile. Kijana niliyekuwa namfundisha kazi, hajamaliza hata mwezi, akafungua plagi, akatoa fyuzi, akaweka ile ya kwenye plagi ya pasi. Msumeno ukanguruma.

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja, na ndio ninaotaka kukupa hapa. Msumeno ukisumbua, anza na vilivyo nje ya mashine, umalizie na vilivyo ndani. Umeme kwanza, halafu diski, halafu mbao yenyewe na jinsi ulivyoilaza, halafu sahani, lile bati la chini linaloteleza juu ya ubao, na mwisho kabisa mota. Lawama nyingi zinazotupiwa mota ni za diski butu au waya mwembamba.

Ninaouzungumzia ni ule msumeno wa kushika mkononi wenye diski ya duara. Wengi wetu tunao wa diski ya milimita 185, na wanaopasua mbao nene wana wa 235. Umbo lake halijabadilika sana tangu Edmond Michel wa New Orleans, Marekani, alipobuni wa kwanza miaka ya 1920. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipowaona vibarua wakihangaika kukata miwa kwa panga. Mota, gia, diski, sahani, mshikio. Kwa hiyo hata kama wako ni wa jina usilolijua, magonjwa ni yaleyale.

Chomoa, kisha ndiyo uguse

Diski ya milimita 185 inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha za meno yake zinakwenda karibu kilomita 170 kwa saa. Ndiyo maana kila ninaposema hapa chini kagua, gusa, legeza au zungusha kwa mkono, maana yake plagi imetoka kwenye soketi na unaiona kwa macho. Mimi huitupia begani. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, kwa sababu katika karakana ya watu wengi kuna siku mtu atawasha akidhani anawasha feni. Msumeno wa betri, toa betri na uiweke mbali na benchi.

Hauwaki kabisa

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Chomeka kwenye soketi ileile kitu kinachokula umeme mwingi, kama pasi au grenda. Taa haitoshi kuwa shahidi, maana taa huwaka hata kwenye soketi iliyolegea ambayo haiwezi kuubeba msumeno.

2. Fungua plagi. Hizi plagi zetu za miguu mitatu ya mraba zina fyuzi ndani, na fyuzi ya kauri haionyeshi kwa nje kama imekufa. Ipime kwa mita ya fundi umeme, au weka unayojua ni nzima. Iwe ya ampea 13. Msumeno wa wati 1,400 ukiwa unazunguka bila kazi nzito unakula chini ya hapo sana, lakini unapoanza kuzunguka unavuta kwa nguvu kwa muda mfupi, na fyuzi ya ampea 5 iliyowekwa na muuza plagi itakatika siku yoyote. Usifunge karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi. Siku mota itakapokwama, kitakachoungua badala ya fyuzi ni mota.

3. Angalia waya unapoingia kwenye mshikio. Hapo ndipo unapokunjwa kila siku, na nyuzi za shaba hukatika ndani huku mpira wa nje ukiwa mzima. Dalili yake ni msumeno unaowaka ukiushika hivi na kuzima ukiushika vile. Mita yako ikiwa na mlio wa kupima mwendelezo, ishike kwenye mguu wa plagi na ncha ya ndani ya waya huohuo, halafu ukunje waya polepole pale shingoni. Mlio ukikatikakatika, umepata mgonjwa. Dawa ni kukata sentimita 15 au 20 za mwisho na kuunga upya ndani ya mshikio. Usiviringishe utepe juu ya jeraha ukaita kazi imekwisha.

4. Swichi. Vumbi laini la mbao, hasa la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa), hupenya kila mahali. Kama swichi inabonyea bila ule mlio wa "tak", au kitufe cha usalama kimekwama, fungua mshikio, piga brashi kavu. Ikiwa imeungua ndani, nunua nyingine ya ampea zilezile au zaidi. Swichi si kitu cha kusafishwa kwa msasa ukategemea miezi sita.

Ukishapita hapo na bado kimya, nenda moja kwa moja kwenye kaboni, nimezieleza chini.

Unawaka lakini hauna nguvu

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni waya wa kuongezea, ekstensheni. Watu hununua ile nyembamba ya kuchaji simu, mita 50, wakaiburuta hadi kwenye saiti. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 wenye urefu wa mita 50 una ukinzani wa kama omu 2.3 kwenda na kurudi. Msumeno ukibanwa na kuvuta ampea 10, volti 23 zinapotea njiani. Umetoka na 230 kwenye soketi, mashine inapata 207. Na kama mtaani kwenu jioni umeme unashuka hadi 200 kwa sababu kila nyumba inapika, mota inabaki na kama 177. Inapopewa volti kidogo haizunguki inavyotakiwa, feni yake ya ndani haipulizi, wewe unazidi kusukuma, inazidi kuvuta umeme, inachemka. Hivyo ndivyo amecha nyingi zinavyokufa, kwa mateso ya taratibu.

Kwa msumeno, waya wa milimita mraba 1.5 unatosha hadi mita 25 hivi. Zaidi ya hapo chukua 2.5. Angalia pia kama ni shaba kweli. Kwangua ncha kwa kisu: kama ndani ni nyeupe na rangi ya shaba ni ganda tu, huo ni alumini uliopakwa, na unapitisha umeme vibaya kuliko unene wake unavyokudanganya. Na ukiwa na ekstensheni ya kuviringisha kwenye kigurudumu, ifungue yote hata kama unahitaji mita 5 tu. Ikiwa imeviringishwa joto halina pa kutokea, na nimeshaona plastiki ikishikana kuwa donge moja kama ugali.

Jenereta ndogo ile ya kuwashia taa na televisheni haiwezi msumeno. Itaunguruma, taa zitafifia, msumeno utaanza kwa kunung'unika. Kama ni lazima, tafuta jenereta yenye uwezo wa mara mbili au zaidi ya wati zilizoandikwa kwenye msumeno, na iwashe iwe imetulia kabla hujachomeka.

Kuna na jambo la mtumba. Misumeno iliyotumika inayotoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na kuna ile ya saiti za Uingereza yenye plagi ya njano ya duara, hiyo ni ya volti 110. Ukiikata plagi na kuiwekea yetu, msumeno utazunguka kwa kasi ya kutisha kwa dakika chache, utanusa harufu tamu ya kuungua, na hapo umeshaununua mara ya pili. Soma kibati cha pembeni kabla ya kutoa hela. Wa volti 110 unaweza kuishi vizuri ukiununulia transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kuubeba, lakini piga hesabu ya transfoma hiyo kabla hujafurahia bei ya msumeno.

Unachoma mbao, unatoa moshi, unakwenda kwa kulazimishwa

Sasa tuko kwenye diski. Chomoa, geuza msumeno, fungua kofia ya chini (kinga ya diski) kwa kidole, na utazame meno kwenye mwanga wa jua.

Jino zuri la kabaidi, ile ncha ngumu iliyobandikwa kwenye diski, lina ukingo usioakisi mwanga. Ukiona mstari mweupe unaometa kwenye ncha ya jino, hapo pamelika, jino limekuwa duara. Pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ncha moja, polepole, kwa kuegemeza tu: jino kali linakwangua ukucha na kuacha unga mweupe, butu linateleza. Hesabu meno yaliyovunjika. Moja likiwa limekosekana diski bado inakata lakini inagonga, na jino linalofuata linabeba kazi ya mawili. Mawili yakikosekana, itoe. Kama chuma chenyewe kina ufa, hata mdogo wa kuanzia kwenye shina la jino, ivunje kabisa kabla ya kuitupa, asije akaiokota mtu.

Mara nyingi, hasa kwa wanaokata msonobari wa kutoka Mafinga na kwingineko Nyanda za Juu, diski si butu. Imejaa utomvu. Utaona ukoko wa kahawia mweusi pembeni mwa meno, umeganda kama sukari iliyoungua. Ukoko huo unaongeza unene pale pasipotakiwa unene, diski inasuguana na kuta za mkato, inapata joto, utomvu unazidi kuganda. Itoe diski, iloweke kwenye beseni la maji ya moto yenye sabuni ya kufulia kwa nusu saa, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Ukoko sugu unatoka kwa mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, na uifute ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Usiichome kwenye jiko. Meno ya kabaidi yamebandikwa kwa madini ya kuunganishia, na joto la jiko linaweza kuharibu chuma cha diski na kudhoofisha hicho kinachoshika jino.

Kisha angalia kama uliivalisha sawa. Utacheka, lakini diski iliyovaliwa kinyume ni ugonjwa wa kila wiki. Msumeno wa mkononi unakata kuelekea juu: meno ya mbele yanatoka chini ya ubao na kupanda. Mshale ulio kwenye diski ufuate mshale ulio kwenye kofia ya juu. Diski iliyogeuzwa haikati, inasaga na kutoa moshi. Jambo hili linakupa na somo lingine la bure: kwa kuwa meno yanapanda, upande unaochanika ni wa juu. Plaiwudi yenye uso mzuri ilaze uso ukiangalia chini.

Bolti ya katikati huwasumbua wengi, wanajua kulegeza ni kushoto tu. Kanuni inayofaa kwa misumeno mingi ni hii: bolti inalegea kwa kuzungushwa kuelekea kule diski inakozunguka, na inakazwa kinyume chake. Bonyeza kitufe cha kufunga ekseli, kama mashine yako inacho, au kita meno kwenye kipande cha mbao laini. Usiizuie diski kwa bisibisi.

Ukitoa diski, futa zile washa mbili nene zinazoibana. Chembe moja ya vumbi iliyoganda kati ya washa na diski inatosha kuifanya diski iyumbe. Halafu tazama tundu. Diski zinazouzwa madukani zina matundu ya milimita 16, 20, 25.4, 30, na muuzaji atakwambia "inaingia tu". Kuingia si kukaa. Diski ya tundu la 25.4 kwenye ekseli ya 20 bila pete ya kupunguzia itakaa pembeni ya kitovu, msumeno utatetemeka mkononi mpaka vidole vife ganzi, na mkato utakuwa mpana kama wa shoka.

Kuhusu idadi ya meno, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaukubali: diski moja ya meno 40 kwa kila kazi ni kujitesa. Kupasua kufuata urefu wa mbao kunataka meno machache, 24 au chini, yenye mabonde makubwa ya kutoa unga mrefu mrefu. Kukata kwa upana, 40. Plaiwudi na mbao zilizobandikwa fomaika, 60. Ukipasua mvule wa inchi mbili kwa diski ya meno 60, utailaumu mota bure.

Unakwama, unaruka nyuma

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Msumeno unaruka nyuma pale ambapo meno ya nyuma ya diski, yale yanayopanda juu kutoka kwenye mkato, yanabanwa na mbao. Hayawezi kukata, kwa hiyo yanapanda, na mashine yote inarushwa kukuelekea. Inatokea kabla hujajua imetokea. Mimi niliwahi kukata kwa upana ubao mpana wa msonobari mbichi, umelazwa juu ya stuli mbili, moja kila mwisho. Nilipofika katikati ubao ukabonyea, mkato ukafunga mdomo juu ya diski kama mlango. Nilisikia mlio mmoja wa "pwaa", msumeno ukarudi juu ya ubao nyuma yangu, ukaacha michirizi ya meno yenye urefu wa mkono, ukapita ubavuni na kuchana suruali karibu na mfuko. Sikukatika, kwa sababu nilikuwa nimesimama pembeni ya mstari wa mkato. Hiyo ndiyo sababu pekee. Simama pembeni, kila mara, hata kwa mkato wa sekunde tano.

Kasoro ya siku ile ilikuwa jinsi nilivyoulaza ubao. Ubao unaokatwa katikati ya stuli mbili lazima ubonyee kuelekea kwenye mkato. Unachotaka ni kipande kinachokatwa kiweze kuanguka au kufunguka, kisibane. Kwa kukata kwa upana, weka egemeo karibu na mkato, upande unaobaki nao, na uache kipande cha upande wa pili kining'inie kama ni kifupi. Kwa plaiwudi kubwa, laza mbao nne za mbili-kwa-nne sakafuni, mbili kila upande wa mstari, uikate ikiwa imeegemea kote. 

Mbao mbichi ina tabia yake. Ukiipasua, ule mvutano uliomo ndani unaachiwa, na nusu mbili huweza kusogeleana mbele ya macho yako. Baada ya kila nusu mita, zima, subiri diski isimame kabisa, piga kabari nyembamba ya mbao kwenye mkato nyuma ya msumeno, uendelee. Baadhi ya misumeno ina ulimi mwembamba wa chuma nyuma ya diski ambao unafanya kazi hiyo ya kabari. Wengi huutoa siku ya kwanza kwa sababu unasumbua kuanzia mkato katikati ya ubao. Ukiwa nao, uache mahali pake.

Urefu wa diski chini ya ubao uangalie pia. Diski itokeze chini kwa kimo cha jino moja, milimita 3 hadi 6. Mwingine hushusha diski yote na kukata ubao wa inchi moja kwa diski iliyotokeza kama panga. Hapo sehemu kubwa ya diski iko ndani na chini ya mbao, ina nafasi kubwa ya kubanwa, na ina nafasi kubwa ya kugusa paja lako au waya wake wenyewe.

Ukihisi umebanwa, achia swichi na ushikilie msumeno hapohapo. Usiunyanyue huku unazunguka, usijaribu kuupinda urudi kwenye mstari. Kuupinda ndiko kunakobana. Subiri isimame, rudisha nyuma sentimita chache, washa ikiwa haigusi mbao, iache ifike kasi yake yote, ndipo uingie tena.

Na kama mbao ni ya zamani, ya paa au ya kasha, pitisha sumaku kwanza. Msumari mmoja unaondoa meno matatu, na yanaruka.

Kofia ya chini hairudi

Unajua ninachotaka kusema. Ile kofia ya chini inayofunguka inapokutana na mbao na kujifunga yenyewe mkato ukiisha, ndiyo ambayo watu huifunga juu kwa waya wa bati ili "isisumbue". Kisha wanauweka msumeno chini huku diski bado inazunguka, nao unaanza kutembea.

Kofia isiyorudi huwa na mojawapo ya matatizo matatu. Kuna utomvu na vumbi kwenye kitovu chake: safisha kwa brashi na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, ikauke. Usiweke grisi, grisi hukusanya vumbi likawa udongo. Au imepinda baada ya msumeno kuanguka, inasuguana na diski: inyooshe polepole kwa koleo huku ukiizungusha. Au springi yake imechoka au imekatika, na hiyo unanunua. Jaribio ni rahisi: umechomoa, ifungue kofia hadi mwisho kwa mshikio wake mdogo, uiachie. Irudi yenyewe haraka na kugonga "ta". Ikirudi kwa uvivu, hujamaliza kazi.

Haikati wima, haiendi mstari

Mkato unaoinama, mara nyingi ni sahani ya chini iliyohama. Chomoa, shusha diski yote, geuza msumeno, weka skwea kati ya sahani na ubavu wa diski, si kwenye meno, maana meno yametoka nje kidogo kuliko ubavu. Legeza skrubu ya pembe, sawazisha, kaza. Usiamini alama ya sifuri iliyochapwa kwenye kibati. Kisha hakiki: kata kipande cha ubao uliopigwa randa, geuza nusu moja juu chini, zikutanishe nyuso mbili zilizokatwa. Mwanya utakaouona ni kosa mara mbili, kwa hiyo hata nusu milimita utaiona.

Mkato unaokwenda upande huku wewe unaelekea mbele: pima umbali kutoka diski hadi ukingo wa sahani, mbele kwenye jino moja lililowekewa alama ya chaki, kisha zungusha diski jino lilelile liwe nyuma, upime tena. Vipimo vikitofautiana, sahani imepinda. Baadhi ya sahani zina skrubu ya kusawazisha. Za bati jembamba hunyooshwa kwa uvumilivu, za alumini ya kumimina hazinyooshwi, hupasuka.

Na wakati mwingine tatizo ni mkono. Funga ubao ulionyooka kwa klampu mbili, utembeze sahani kuufuata.

Mota: cheche, harufu, kelele

Sasa ndiyo tunaingia ndani, na kwa kweli wengi mngekuwa mmeshamaliza.

Kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi kugusa komyuteta, ile duara ya vipande vya shaba iliyoko mwisho wa amecha. Kwenye misumeno mingi kuna vifuniko viwili vyeusi vya mviringo pembeni mwa mota; bisibisi bapa inavifungua. Zitoe moja moja, na uikumbuke ilikuwa imeelekea wapi. Zikiwa zimebaki milimita 5 au 6, au zimefika kwenye mstari wa alama kama zina alama, badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukibadilisha moja, mpya na kuukuu hazitagusa kwa nguvu sawa. Ikiwa kaboni mpya ni kubwa kidogo kuliko nafasi yake, isugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo hadi iteleze bila kulazimishwa. Ikikwama njiani, msumeno utaacha kuwaka tena baada ya wiki. Ukishaweka, uache uzunguke bila kukata chochote dakika 5 hadi 10, kaboni zipate umbo la komyuteta.

Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni kawaida. Moto unaozunguka komyuteta yote kama mkufu si kawaida: ama kaboni zimeisha, ama komyuteta imeliwa au ina uchafu kati ya vipande vyake, ama amecha imegusana ndani. Badilisha kaboni kwanza kwa kuwa ni rahisi. Mkufu ukiendelea, hapo ndipo fundi wa kusuka anastahili hela yake.

Harufu ya mbao iliyoungua na harufu ya vanishi ya koili (nyaya zilizosukwa ndani ya mota) zinachanganywa sana. Ya mbao inafanana na jiko la kuni. Ya vanishi ni kali, tamu, inakaa puani na inatoka kwenye matundu ya mota, si kwenye mkato. Ukiinusa mapema, usizime ghafla kama msumeno bado unazunguka vizuri: utoe kwenye mbao, uache uzunguke bila mzigo dakika 2, feni ya ndani ipulize joto nje. Ukizima palepale, joto linabaki ndani na koili inaendelea kuiva. Lakini ukiona moshi kwenye matundu, zima na uchomoe. Kisha safisha matundu hayo, kila wiki ikiwezekana, kwa brashi na upepo wa kompresa wa nguvu ya wastani, umevaa miwani.

Kelele nazo zisikilize wakati msumeno unapungua kasi baada ya kuachia swichi, maana mota ikiwa imekatiwa umeme unasikia vyuma peke yake. Mlio kama wa changarawe ni beringi. Mlio wa juu wa kusaga ni gia iliyokosa grisi. Umechomoa, shika diski kwa glovu na uitikise mbele na nyuma kuelekea kwako: ikicheza, beringi ya mbele imekwisha. Namba yake imeandikwa ubavuni mwa beringi. Iandike, upeleke duka la beringi za pikipiki, mara nyingi wanayo.

Wa betri ni hadithi fupi. Ukizima ghafla ukiwa unakata mbao nzito na kuwaka tena baada ya sekunde chache, betri imejilinda, diski yako ni butu au unasukuma mno. Ukizima hata bila kazi, futa vile vibati vya kugusana kwa kitambaa kikavu, uache betri ipoe kivulini. Usiiache juani kwenye paa la gari halafu ukaishangaa.

Ukifika kwa fundi baada ya yote haya, mwandikie kwenye kipande cha karatasi ulichokwisha kupima na ubandike kwenye mshikio: fyuzi nzima, waya mzima, kaboni mpya. Na kama atasuka amecha, mwambie mapema kwamba utataka kuuona msumeno ukiwaka kwa plagi yako, kwenye soketi yake, wewe ukiwa umesimama hapo.